Popo na Fiidmeer: Lugha ya Woga na Lugha ya Uhifadhi Kaskazini Mashariki ya Kenya

Utangulizi

Katika masimulizi yanayowafikia watoto wa shule kwa Kiswahili, popo ni kiumbe asiyekuwa na wakili. Sungura ana werevu wake, fisi ana ulafi wake unaochekesha, simba ana enzi yake. Popo ana lawama tu. Huyu ni msaliti, ni kipofu, ni mchawi, ni mnyonya damu, na katika miaka ya karibuni ni mleta maradhi. Wataalamu wa wanyama wamejitahidi kuzisahihisha tuhuma hizo, na sehemu kubwa ya juhudi hiyo katika Afrika ya Mashariki imefanywa kwa Kiswahili. Hata hivyo, lugha iliyotumika katika kazi hiyo haijahakikiwa vya kutosha. Imechukuliwa kwamba woga ni ukosefu wa habari, na kwamba habari ikitolewa woga utaondoka, kana kwamba lugha ni mfereji tu wa kupitishia maji safi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa mambo si mepesi kiasi hicho. Hoja yake ni kwamba woga wa popo haukai katika mnyama mwenyewe, wala haukai katika jina lake. Unakaa katika masimulizi yanayolizunguka jina hilo. Kwa hiyo usahihishaji wowote usioyagusa masimulizi, na usiotafuta maneno yaliyopo tayari mahali panapohusika, huishia kuwa amri isiyosikilizwa.

Eneo lililochaguliwa ni Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla, yaani sehemu iliyokuwa mkoa mmoja hadi 2013 na ambayo sasa ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Uchaguzi huo una sababu mbili. Kwanza, Kiswahili huko si lugha ya mama ya watu wengi. Kisomali ndicho kilichoenea zaidi; kando ya Mto Tana wapo Wamunyoyaya na Wamalakote, na upande wa kusini, kuelekea msitu wa Boni, wapo Waaweer. Kiswahili kilipenya kwa njia ya ofisi, kambi za askari, soko na malori, na baadaye kwa njia ya shule, hasa baada ya 1985 kilipofanywa somo la lazima lenye mtihani. Pili, eneo hilo lina jina lake la popo na lina urithi wake wa elimu kuhusu mnyama huyo, na vyote viwili havisikiki katika mafundisho yanayopelekwa huko.

Popo wa Ngano

Yafaa kuanza na ngano inayojulikana zaidi. Ndege na wanyama wa miguu minne walipigana. Popo alipoona ndege wanashinda, alionyesha mbawa zake akasema yeye ni ndege. Alipoona wanyama wanashinda, alionyesha meno yake akasema yeye ni mnyama. Amani iliporudi, pande zote mbili zilimkana, na tangu siku hiyo hutoka usiku tu kwa aibu. Ngano hii ina sura nyingi. Katika baadhi ya sura hakuna vita bali kuna kodi ambayo popo alikwepa kuilipa, au kuna msiba ambamo alikosa wazikaji. Sura nyingine ya kisa hicho imo katika hekaya zinazonasibishwa na Aesop wa Uyunani. Kwa hiyo si mali ya Waswahili peke yao, wala si ya Afrika peke yake.

Kwa upande wa maudhui, ngano hii haihusu popo hata kidogo. Inamhusu mtu asiyekuwa na msimamo katika jamii inayodai kila mmoja atangaze upande wake. Ndiyo maana katika mazungumzo ya siasa mtu anayehama kambi kila upepo ugeukapo huitwa popo, na msikilizaji akaelewa mara moja. Popo hapa ni chombo cha dhamira, kama vile mbuni katika mithali si funzo la ufugaji. Kosa huzaliwa pale msomaji, au mwalimu, anapoisoma ngano kama maelezo ya tabia ya mnyama, akatoka na imani kwamba kiumbe huyu amelaaniwa kweli.

Hata hivyo, si haki kuitupa ngano hiyo kama ujinga wa kale. Ndani yake mna uchunguzi sahihi wa maumbile. Msimuliaji alikwisha kuona kwamba popo ana meno, ana masikio, huzaa na kunyonyesha, na bado huruka. Kiswahili kilimpa tatizo la kweli, kwa kuwa neno ndege hutaja kwanza kitendo cha kuruka kuliko aina ya mwili, hata likaweza kukitaja chombo cha chuma kirukacho angani. Popo ni ndege kwa tendo lake na ni mnyama kwa mwili wake. Ngano haikukosea kuliona swali hilo. Ilichofanya ni kulijibu kwa hukumu ya maadili. Mwalimu mwenye busara anaweza kulichukua swali lile lile akalijibu kwa namna nyingine: kwamba popo ni mnyama wa pekee miongoni mwa wanyonyeshao ambaye huruka kweli kwa mbawa zake, na kwamba mbawa hizo ni ngozi iliyotandazwa juu ya vidole virefu vya mkono.

Ama tuhuma nyingine, zina asili tofauti na ngano. Tashbihi isemayo fulani ni kipofu kama popo, inapotumiwa katika insha za wanafunzi, ina dalili zote za kufasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Popo si vipofu. Wale walao matunda hutegemea sana macho yao, na wale walao wadudu huona pia, ingawa katika giza huongozwa hasa na mwangwi wa sauti zao. Kadhalika tuhuma ya kunyonya damu. Popo wanyonyao damu wapo wa aina 3 tu duniani, na wote huishi katika bara la Amerika. Jambo la kushangaza ni kwamba Afrika ya Mashariki ilikuwa na masimulizi yake makali ya damu zamani za ukoloni, yale ya mumiani na wazimamoto; lakini ndani yake wanyonya damu walikuwa binadamu wenye magari na mamlaka, si popo. Popo mnyonya damu ni mgeni aliyeingia kwa njia ya riwaya na filamu za Ulaya na Marekani, hasa zile zilizotokana na Dracula ya 1897. Anayedai kwamba woga huo ni imani ya jadi ya Mwafrika amekosea anwani.

Popobawa na Popo wa Pemba

Hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi umbali uliopo kati ya jina na mnyama kuliko ule wa Popobawa. Jina hilo, lililoundwa kwa maneno popo na bawa, lilivuma hasa mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi ya Zanzibar. Hofu ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja, kisha ikafika Dar es Salaam. Watu walilala nje ya nyumba zao, makundi kwa makundi, wakiwa macho karibu na mioto. Katika mji wa Zanzibar mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili, aliyetoka bara, aliuawa na umati uliodhani kwamba ndiye. Huo ndio ukomo wa masimulizi ya woga: aliyekufa hakuwa popo, bali mtu mgonjwa.

Wengi walioandika juu ya kadhia hiyo waliifahamu kama habari ya pepo, na wengine kama kioo cha mashaka ya kisiasa. Kwa mhakiki wa lugha lipo jambo jingine. Katika maelezo yaliyotolewa na wenyeji, popo wa Popobawa hakuwa mnyama wa mitini. Aghalabu jina lilielezwa kuwa linatokana na kivuli cha mbawa kinachotanda. Yaani ni istiara. Popo alikopesha umbo lake tu, kama alivyolikopesha katika ngano ya vita.

Ushahidi wa hayo uko Pemba kwenyewe. Kisiwa hicho kilichozaa jina la Popobawa ndicho makao ya pekee duniani ya popo mkubwa alaye matunda anayeitwa popo wa Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alihofiwa kuwa amebaki katika idadi ndogo mno, kwa sababu ya kukatwa misitu na kuwindwa kwa bunduki ili aliwe. Hesabu za mwaka 1995, mwaka ule ule wa hofu kuu, zilikisia popo wapatao 5,000. Wanavijiji waliunda vikundi vya kulinda miti wanamolala, na mahali kama Kidike wageni walianza kulipa kiingilio ili kuwatazama. Kufikia mwisho wa mwongo wa kwanza wa karne hii idadi ilikwisha kuvuka 20,000.

Maana ya mfano huu ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Watu wale wale waliomkimbia Popobawa usiku walimla popo mchana, na baadaye wakamlinda. Asiyeweza kutenganisha istiara na mnyama angetazamia kwamba mwaka 1995 popo wote wa Pemba wangechinjwa kwa kisasi. Haikuwa hivyo. Kilichompunguza popo wa Pemba kilikuwa bunduki na shoka, si pepo. Na kilichomrudisha hakikuwa hotuba za kukanusha pepo, bali manufaa na heshima waliyoipata wenyeji kwa kumlinda. Msahihishaji anayetumia nguvu zake zote kupambana na ushirikina huenda anapambana na kivuli, ilhali shoka linaendelea kazini.

Fiidmeer na Khuffash

Popo wa ngano, popo wa filamu na Popobawa wote hufika Garissa wakiwa wamepanda chombo kimoja, yaani Kiswahili cha vitabu vya shule na cha redio. Lakini huko wanakuta jina jingine limekwisha kukaa. Wasomali humwita popo fiidmeer. Jina hilo huvunjika vipande viwili: fiid ni jioni, mwanzo wa usiku, meer ni kuzunguka, kutembea huku na huku. Popo basi ni mzunguka jioni. Neno la Kiswahili popo, kwa msemaji wa leo, halivunjiki namna hiyo. Ni jina tupu, na jina tupu hujazwa kwa urahisi na masimulizi yoyote. Jina la Kisomali limejaa tayari, na kilichomo ndani yake ni uchunguzi: wakati anapotoka na namna anavyokwenda. Hamna usaliti ndani yake, wala upofu, wala damu.

Ukilinganisha na lugha nyingine, thamani ya jina hilo huonekana zaidi. Wafaransa humwita panya mwenye upara, jambo ambalo si kweli kwa panya wala kwa upara. Neno la Kiarabu khuffash hutokana na shina lenye maana ya udhaifu wa macho, nalo pia limebeba kosa. Fiidmeer halina kosa lolote. Mfugaji aliyeketi nje ya aqal wakati wa magharibi, akiona kiumbe mdogo akipita na kurudi juu ya mifugo, alimpa jina linalolingana na alichokiona, na alichokiona ni popo akila wadudu waliofuata mifugo.

Isitoshe, katika masimulizi ya Kisomali yanayojulikana sana kazi ya kutisha usiku imekwisha kukabidhiwa wengine. Yupo Dhegdheer, mwanamke mwenye sikio refu alaye watu. Yupo fisi, ambaye ni hatari ya kweli kwa mifugo. Nafasi ya jitu la usiku imejaa. Mafundisho yanayofika Garissa yakianza kwa kuorodhesha tuhuma za popo ili yazikanushe huenda yakawapa wasikilizaji tuhuma ambazo hawakuwa nazo. Kukanusha ni njia mojawapo ya kueneza.

Urithi wa pili ni ule wa elimu ya Kiislamu, ambayo ina mizizi mirefu katika eneo hilo. Waandishi wa Kiarabu walimjadili popo kwa makini. Al-Jahiz, aliyeishi Basra katika karne ya 9, alimtaja katika kitabu chake kikubwa cha wanyama. Al-Damiri wa Misri, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki 1405, alimtengea maelezo katika kamusi yake ya wanyama. Baadhi ya wafasiri wa Qurani, walipofika kwenye aya ya Sura ya Al Imran inayomtaja ndege aliyefinyangwa kwa udongo na Nabii Isa na akawa hai kwa idhini ya Mungu, walisema kwamba ndege huyo alikuwa popo. Sababu waliyoitoa ni kwamba umbile lake limekusanya zaidi kuliko ndege wote: ana meno na masikio, huzaa na kunyonyesha, huruka bila manyoya ya ndege.

Hapa msomaji na aiweke tafsiri hiyo kando ya ngano ya Kiswahili. Sifa zilizotajwa ni zile zile: meno, masikio, mbawa, kuzaa. Lakini sifa ambazo ngano ilizifanya ushahidi wa unafiki, wafasiri walizifanya ushahidi wa ukamilifu wa uumbaji. Mchanganyiko uliomtia popo aibuni upande mmoja ulimpandisha daraja upande wa pili. Hakuna uthibitisho bora zaidi kwamba woga si mali ya mnyama.

Ipo pia kauli iliyopokewa na al-Bayhaqi kutoka kwa Abdullah bin Amr inayokataza kuua popo. Kwa uaminifu wa kitaaluma yafaa isemwe kwamba hiyo ni kauli ya sahaba, si ya Mtume mwenyewe, na wanazuoni wameipa uzito kwa kadiri hiyo. Ni juu ya masheikh wa eneo kuamua itumiweje, si juu ya mwandishi wa mabango. Lakini kuwaendea watu wa Garissa kana kwamba hawana urithi wowote wa maandishi kuhusu mnyama huyu ni dharau itokanayo na kutojua.

Ngamia, Mbu na Popo

Inaweza kudaiwa kwamba hayo ni mambo ya lugha tu, na kwamba popo ni hatari ya kweli kwa afya. Dai hilo halipaswi kupuuzwa. Virusi vya Marburg viliwapata watu waliokuwa wamezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon, magharibi ya Kenya, mwaka 1980 na tena 1987. Baadaye, katika mgodi wa Kitaka nchini Uganda, ambako wachimbaji waliugua mwaka 2007, virusi hivyo vilipatikana katika popo walao matunda wa mapangoni. Mwaka 2020 jina la popo lilisikika redioni kila siku kwa sababu ya korona. Anayesema popo hana hatari yoyote hasemi kweli, na uongo wa namna hiyo ukigunduliwa huharibu na yale ya kweli.

Lakini namna ya kuizungumza hatari ni suala la lugha, na hapa Kaskazini Mashariki ina mafunzo makubwa. Homa ya Bonde la Ufa iliikumba Garissa baada ya mvua kubwa za 1997 na 1998, ikarudi mwishoni mwa 2006. Ugonjwa huo huenezwa na mbu na kwa kugusa damu na nyama ya mifugo iliyoambukizwa. Wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina lake, sandik, linalohusu kutoka damu puani, na uchunguzi uliofanywa baada ya mlipuko ulionyesha kwamba wao waliitambua hatari mapema kuliko mitambo rasmi ya kutoa tahadhari. Jina la wenyeji lilikuwa limehifadhi elimu ambayo ofisi zilikuwa bado zinaitafuta. Hili liwe onyo kwa yeyote anayedhani kwamba elimu huenda upande mmoja tu, kutoka Nairobi kwenda Garissa.

Mfano wa ngamia una nguvu zaidi. Mwaka 2012 aina moja ya korona, iliyoitwa MERS, iligunduliwa Saudi Arabia, na ikathibitika kwamba humfikia binadamu kwa njia ya ngamia. Damu ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992 ilipopimwa, ilionekana kuwa na alama za kukutana na virusi hivyo. Watafiti wanakisia kwamba asili ya mbali ya virusi hivyo ni popo, lakini anayemwambukiza mtu ni ngamia. Pamoja na hayo hakuna mtu aliyependekeza ngamia wauawe, na angependekeza asingesikilizwa. Kilichosemwa ni kwamba watu wanawe mikono, wachemshe maziwa, wajitenge na ngamia mgonjwa. Kwa nini popo hapewi sentensi kama hizo? Kwa sababu ngamia ana mashairi. Ana majina kwa umri wake, kwa rangi yake, kwa mwendo wake; amekaa katika lugha kama jamaa. Hatari yake hupokewa kama hatari ya mtu wa nyumbani, yenye kuhitaji uangalifu, si maangamizi. Popo hana lugha ya kumlinda, na hivyo hatari yake huwa hukumu ya kifo.

Hukumu hiyo huwarudia wanaoitoa. Huko Kitaka wachimbaji waliwaua popo wa mgodini kwa maelfu na kuuziba mgodi. Mwaka 2012 Marburg ilizuka tena katika wilaya ya jirani ya Ibanda. Popo wachache waliokuwa wamerudi mgodini walipopimwa, walioambukizwa walikuwa zaidi ya asilimia 13, ilhali kabla ya mauaji walikuwa takriban asilimia 5. Maangamizi hayakupunguza hatari. Yalifuatwa na ongezeko lake. Kwa hiyo kauli sahihi ina pande mbili zisizotenganishwa: usiwaue, na usiwashike.

Kasoro za Lugha ya Uhifadhi

Baada ya hayo kasoro tatu za lugha ya uhifadhi zaweza kutajwa. Ya kwanza ni jumla ya kupita kiasi. Kenya ina aina zaidi ya 100 za popo, na Kiswahili cha mafundisho huwaita wote popo, basi. Kauli kwamba popo hula matunda humshtua mkulima wa maembe na ndizi kando ya Tana, ilhali popo wengi anaowaona juu ya shamba lake hula wadudu. Kauli kwamba popo hukaa mapangoni haimwambii kitu mtu wa nyanda. Katika nchi kavu za Kenya yupo popo mwenye mbawa za manjano, ambaye wataalamu humwita Lavia frons. Huning'inia katika migunga mchana kweupe, macho wazi, akigeuza masikio yake makubwa. Yupo pia Cardioderma cor, mwenye pua yenye umbo la moyo, anayesikiliza nyayo za mende na nge ardhini kisha akawashukia. Mtu aliyeonyeshwa popo wa mgunga hahitaji kuambiwa kwamba popo si kipofu. Wakuza istilahi wana kazi hapa: popo-matunda na popo-wadudu ni mwanzo wa kutosha, na majina ya aina moja moja yatafutwe kwanza vinywani mwa wachungaji kabla ya kubuniwa ofisini.

Kasoro ya pili ni lugha ya urafiki wa bandia. Sentensi za namna ya popo ni rafiki yetu hazina mshiko. Mtu ambaye dari ya nyumba yake imechafuliwa na kunuka hatamwita rafiki mwenye kuichafua, na ana haki ya kuambiwa namna ya kuziba matundu jioni, popo wakiwa wametoka, na kungoja kwanza msimu wa makinda upite. Jike wa popo kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka au kwa msimu; kundi lililouawa halirudi upesi. Habari hiyo fupi ina nguvu ya kushawishi kuliko neno rafiki, kwa kuwa mfugaji anajua vyema maana ya mnyama azaaye polepole. Ngamia ni hivyo.

Kasoro ya tatu imo katika neno uhifadhi lenyewe. Katika masikio ya wengi Kaskazini Mashariki, hifadhi ni ardhi iliyotengwa. Arawale ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974 kwa ajili ya swala aitwaye hirola. Boni na Rahole zilifuata mwaka 1976. Kwa mfugaji neno hilo limebeba swali la malisho na maji kabla ya kubeba swali la mnyama. Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, inayomlinda hirola kwa mikono ya wenyeji wenyewe, imeonyesha kwamba neno laweza kupata maana nyingine. Lakini maana hiyo ilijengwa kwa matendo. Popo hahitaji ardhi itengwe. Anahitaji mgunga usikatwe ovyo, na pango au dari visitiwe moto. Kumtetea kwa neno linalotishia malisho ni kumwongezea maadui. Na bado neno lile lile lina upande wa pili. Kuhifadhi kwa Kiswahili ni pia kukiweka kitu moyoni, kama mwanafunzi wa chuo anavyoihifadhi Qurani, na shina hilo hilo la Kiarabu limo katika Kisomali kwa maana hiyo hiyo. Katika Garissa maana hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na heshima.

Hitimisho

Imeonekana basi kwamba popo wa ngano ni mtu kigeugeu aliyevalishwa mbawa, popo wa damu ni mgeni wa filamu, na Popobawa ni kivuli. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliye mnyama. Mnyama mwenyewe yuko katika mgunga na katika jina la Kisomali linalomweleza bila chuki. Wajibu wa idara za lugha si kuwaachia wataalamu wa wanyama kazi ya kusahihisha, kisha kuwahariri sarufi. Ni kukusanya majina ya popo katika Kisomali, Kimunyoyaya, Kimalakote na Kiaweer wakati wazee wanaoyajua wangali hai. Ni kuzihakiki ngano zinazochaguliwa kwa vitabu vya shule na kuwaonyesha walimu tofauti ya istiara na habari. Ni kuviandika vitabu vya Kiswahili vya Garissa kwa namna ambayo mtoto anayejua fiidmeer hatalazimishwa kulisahau jina hilo ili ajifunze popo na woga wake kwa pamoja.

Kiswahili kimekopa mengi na kimetajirika kwa kukopa. Mkopo wa safari hii ungekuwa mdogo: si lazima uwe neno, yatosha uwe mtazamo uliomo ndani ya neno. Mtoto akiulizwa popo ni nani, ajibu kwanza kwamba ni yule azungukaye jioni. Mengine yote, yaani meno, mbawa, maradhi na manufaa, yatapata mahali pake baada ya jibu hilo.